Jukwaa Kando ya Reli: Ruzuku ya Sanaa na Familia za Konza

Jina la Konza limebeba maana mbili zisizolingana. Kwa wazee waliowahi kufanya kazi katika shirika la reli, Konza ni stesheni ya njia panda, mahali ambapo reli itokayo Mombasa kuelekea Nairobi huachana na tawi liendalo Magadi, tawi lililojengwa katika muongo wa pili wa karne ya ishirini ili kusafirisha magadi ya ziwa hilo. Kwa kijana wa leo, Konza ni mji wa teknolojia, ule ambao serikali ya Kenya iliununulia ekari 5,000 za Ranchi ya Malili mwaka 2009 na ambao Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Baina ya maana hizo mbili wamo watu: wafugaji na wakulima wa nchi kavu, vibarua wa mijengo, wauzaji wa maduka ya kando ya barabara, walimu, na watoto wao. Watu hawa hawatajwi sana katika michoro ya mji mpya. Wakati mwingine wametajwa kwa njia ya kuwazuia tu, kama ilivyokuwa pale eneo la kilomita 10 kuuzunguka mji huo lilipotangazwa kuwa ukanda wa hifadhi, na wenye ardhi wakawekewa vikwazo vya kuendeleza mashamba yao wenyewe.

Ni jambo la kustaajabisha, basi, kwamba sanaa ni miongoni mwa mambo yaliyokwisha kutengewa fedha nyingi Konza. Mwaka 2024 Kenya na Korea Kusini zilikubaliana juu ya mkopo wa masharti nafuu ambao sehemu yake, dola milioni 238 za Marekani, ilikusudiwa kujenga mji wa midia ya kidijitali papo hapo Konza: studio, filamu, michezo ya kompyuta na mengineyo. Hakuna sababu ya kuupinga mradi huo. Hata hivyo, mwanafunzi wa sanaa za maonyesho ana wajibu wa kuuliza swali dogo ambalo wapangaji wakubwa huona haya kuliuliza. Je, mtoto wa kibarua anayechanganya saruji katika mji huo ataketi wapi na mama yake Jumapili jioni atazame mchezo unaowahusu, kwa lugha wanayoielewa, na kwa kiingilio wanachokimudu? Makala haya yanadai kwamba jibu la swali hilo ni ukumbi wa mtaa, na kwamba ukumbi wa namna hiyo hauwezi kudumu bila ruzuku ya umma.

Ukumbi wa mtaa unaozungumziwa hapa usichukuliwe kuwa jengo la fahari lenye viti vya mahameli. Ni uwanja uliosawazishwa, jukwaa lililoinuliwa kidogo, mabenchi, chumba cha kuhifadhia maleba, taa, choo, na mtu wa kushika ufunguo. Yeyote anayedhani kwamba vitu hivyo haviwezi kuzaa sanaa yenye uzito na aitazame historia ya Limuru.

Kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kilizaliwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipowakusanya wakazi ili iwadhibiti. Miongo miwili baadaye, mwaka 1976, wakazi wake waliifufua shughuli ya kituo chao cha elimu na utamaduni. Walikuwa na ekari nne za ardhi na banda la vyumba vya kuta za udongo. Walianza na madarasa ya kisomo cha watu wazima, kisha wakageukia mchezo wa kuigiza. Vijana wa kijiji walibuni jukwaa kwa kutengeneza kielelezo chake kwa njiti za kiberiti, halafu wanakijiji wakalijenga kwa mikono yao: jukwaa la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, na viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, vyenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Paa halikuwepo. Tarehe 2 Oktoba 1977, siku ya Jumapili, mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulionyeshwa hapo kwa mara ya kwanza. Baada ya siku 45, yaani tarehe 16 Novemba, serikali iliyapiga marufuku maonyesho hayo kwa kuondoa leseni. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Machi 1982 polisi walipelekwa kulibomoa jukwaa lenyewe.

Habari hizi zinafahamika kwa kila mwanafunzi wa fasihi Afrika Mashariki, na kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha mwandishi na dola. Usimulizi huo ni wa haki, ila una upungufu wake. Unamsahau mtazamaji. Maonyesho yaliwekwa mwishoni mwa juma kwa sababu waigizaji na watazamaji wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwanda, kikiwemo kiwanda cha viatu cha Bata. Mazoezi yalifanywa hadharani, kwa hiyo mpita njia aliweza kusimama akasahihisha namna mzee anavyoongea, au wimbo wa arusi unavyoimbwa. Bibi aliyeshiriki vita vya ukombozi alikuwa mtaalamu mbele ya wasomi wa chuo kikuu. Mtoto alimwona baba yake akishangiliwa kwa jambo jingine lisilokuwa mshahara. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza katika maandishi yake kwamba katika kipindi hicho ugomvi wa walevi, uliokuwa wa kawaida kijijini, ulipungua kabisa. Huduma kama hiyo kwa familia haikuandikwa katika bajeti ya wizara yoyote.

Hapa huenda msomaji makini akapinga. Ikiwa Kamĩrĩĩthũ walijenga jukwaa kwa jasho lao, Konza wanahitaji ruzuku ya nini? Pingamizi hilo lina nguvu na halifai kupuuzwa. Jibu lake limo katika neno jasho. Kazi ya bure ni ufadhili pia, isipokuwa mfadhili wake ni maskini. Kila alasiri ambayo kibarua anahudhuria mazoezi ni alasiri ambayo hakulipwa. Kila jioni ambayo mama yuko jukwaani, kuna mtu mwingine nyumbani, mara nyingi binti mdogo, anayeinjika sufuria kwa niaba yake. Shauku ya mwanzo hulipia gharama hizo kwa miezi, pengine kwa mwaka mmoja. Baadaye wanaobaki kundini ni wale wenye nafasi, na ukumbi uliodhamiriwa kuwa wa wote hugeuka kuwa wa wachache wasio na haraka ya kutafuta unga. Ruzuku inayowalipa waigizaji posho ya mazoezi, hata iwe ndogo kiasi gani, ndiyo inayomwezesha mzazi maskini zaidi kuendelea kuwepo.

Mfano wa pili unatoka mjini. Kundi la Phoenix Players liliigiza Nairobi kwa zaidi ya miongo mitatu, likalea waigizaji wengi ambao nyuso zao zilijulikana baadaye katika televisheni. Mwaka 2017 lilifunga mlango baada ya kulemewa na deni la kodi ya ukumbi. Ikiwa kundi lenye hadhira ya watu wa tabaka la kati, katikati ya jiji, halikuweza kulipa kodi kwa mauzo ya tikiti, ni ndoto kutarajia kwamba kiingilio cha familia za Konza kitalipa umeme, mlinzi, ukarabati na leseni. Tikiti ikipandishwa bei ili izilipe gharama hizo, familia zitabaki nje. Ikishushwa ili familia ziingie, ukumbi utafungwa. Fundo hilo hufunguliwa na fedha za umma peke yake.

Kenya imewahi kuwa na fedha nyingi za maigizo ya jamii, jambo ambalo husahaulika haraka. Katika miaka ya 1990 na 2000 vijana wengi waliigiza sokoni na vituoni kwa fedha za mashirika ya kigeni: mchezo wa UKIMWI, mchezo wa chandarua, mchezo wa kura. Ni kweli kwamba michezo hiyo iliwaelimisha watu, na pengine iliokoa maisha ya baadhi yao. Kasoro yake ni kwamba mada ililetwa ikiwa imefungwa kama kifurushi, pamoja na jibu lake. Mwigizaji alikuwa tarishi. Mradi ulipokwisha, kundi nalo lilikwisha, kwani halikuwa na jukwaa, wala hadhira iliyozoea kuja bila kuletewa gari la spika. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, waliokuwa wakitegemea mfereji huo walipata somo ambalo wachunguzi wa sanaa za jamii walikuwa wamelitoa kitambo.

Miongoni mwa wachunguzi hao, Penina Muhando Mlama anastahili kutajwa kwanza. Wasomaji wa jarida hili wanamjua kwa tamthilia za Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani. Pengine hawamjui vya kutosha kwa kazi aliyoifanya yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko, watafiti hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Waliketi na wanakijiji, wakachambua pamoja nao matatizo ya kijiji, likiwemo suala la mimba za wasichana, kisha ngoma na maigizo yaliyokwisha kuwepo yakatumiwa kulijadili mbele ya wahusika wenyewe. Mwaka 1996 fikra hiyo ilizaa mpango wa Tuseme, ambao uliwapa wasichana wa shule za sekondari Tanzania jukwaa la kusema yanayowakwaza, na ambao baadaye ulivuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika. Tofauti ya Malya na mchezo wa chandarua ni ya nani anayechagua mada. Mfadhili anayejua tofauti hiyo hutoa fedha za mahali, za muda na za watu, kisha hukaa kando.

Sheria za Kenya zinauruhusu ufadhili wa namna hiyo, naam, zinaudai. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kinaitwika serikali jukumu la kukuza aina zote za usemi wa kitamaduni kupitia fasihi, sanaa na sherehe za jadi. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazipa serikali za kaunti dhamana ya shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na makumbusho. Kwa hiyo mkazi wa Konza anapoomba jukwaa, haombi hisani. Anadai huduma iliyotajwa katika jedwali moja na zahanati na barabara za kaunti.

Kaunti ya Machakos, kwa upande wake, haijawahi kuipa sanaa kisogo. Hapo ndipo palipoanzishwa bustani ya People's Park yenye ukumbi wa wazi wa maonyesho, na ndipo gavana wa kwanza, Alfred Mutua, alipotangaza mradi wa filamu uliopewa jina la Machawood. Miradi hiyo ilivutia macho. Lakini bustani iko Machakos mjini, na familia ya watu watano kutoka Konza ni lazima ilipe nauli mara kumi, kwenda na kurudi, kabla ya kuona pazia likifunguliwa. Kumbi za makao makuu zina faida zake kwa tamasha kubwa. Huduma ya kila juma kwa familia haiwezi kutolewa na ukumbi unaofikiwa kwa nauli.

Watoto wa Konza, kama watoto wote wa Kenya, wana njia moja rasmi ya kufika jukwaani: tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959. Tamasha hilo limekuza vipaji visivyohesabika. Hata hivyo, ni mashindano. Mchezo unaosifiwa hupanda kutoka ngazi hadi ngazi ukienda mbali na nyumbani, na ule unaoshindwa huzikwa palepale. Mzazi aliyechangia nauli ya basi na kitambaa cha maleba huambiwa matokeo. Mchezo wenyewe huenda asiuone. Ukumbi wa mtaa ungeyapokea maigizo hayo yanaporudi, yaliyoshinda na yaliyoshindwa, yakaonyeshwa mbele ya wenyewe. Ungewafaa pia watahiniwa: kwa muda mrefu vitabu teule vya tamthilia, tangu Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, hadi Kigogo cha Pauline Kea na Bembea ya Maisha cha Timothy Arege, vimekuwa vikiigizwa na makundi ya kulipwa yanayozunguka shuleni. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, umeongeza umuhimu wa jambo hili, kwa kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule ndogo isiyokuwa na ukumbi itaifundishaje njia hiyo? Kwa ubao na chaki?

Suala la lugha lina uzito wa pekee Konza. Wenyeji wengi ni Wakamba, jirani zao wa upande wa Kajiado ni Wamaasai, na mji mpya umeleta vibarua na wataalamu wa kila kabila. Kamĩrĩĩthũ walitumia lugha moja kwa kuwa kijiji kilikuwa na lugha moja. Jukwaa la Konza litalazimika kuwa la Kiswahili kwa kiunzi chake, huku likiipa Kikamba nafasi ya heshima katika nyimbo, methali na ngoma, zikiwemo zile za kilumi ambazo vijana wengi wamezisikia kwa jina tu. Hapa ndipo mhitimu wa Kiswahili anapopata kazi ya maana ambayo haikutajwa katika orodha ya ajira aliyosomewa alipojiunga na chuo: kuandika na vijana wa mtaa, kuhariri, kutafsiri baina ya lugha mbili za nyumba moja, kuelekeza. Posho yake iwemo katika ruzuku, sawa na ya fundi wa taa. Ni aibu kidogo kwamba idara zetu huzalisha wachambuzi wengi wa tamthilia kuliko watu walioweza kuisimamisha moja mbele ya hadhira isiyokuwa na vyeti.

Lipo pingamizi jingine, nalo ni zito kuliko yote. Konza ni pakavu. Familia ambazo hutafuta maji kwa punda zitaelewaje kaunti inayojenga jukwaa kabla ya bomba? Jibu la haraka kwamba binadamu haishi kwa mkate tu halitoshi. Mwenye kiu anayo haki ya kulicheka. Jibu la haki ni la kiasi. Hakuna kaunti inayolazimika kuchagua baina ya bwawa na mabenchi, kwani gharama zake hazikaribiani hata kidogo. Isitoshe, Machakos ni nchi ya Wamunyu, ambako Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji wa vinyago Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliurudisha ujuzi huo nyumbani ukawa riziki ya maelfu ya familia katika ardhi hiyohiyo kavu. Iwapo mgawo wa ruzuku ya jukwaa utachotwa kutoka bajeti ya maji, makala haya yaupinge mgawo huo. Uchotwe kwingine: katika matangazo ya kaunti yenye picha za viongozi, kwa mfano.

Inabaki hofu ya mwisho, ile ya anayelipa zumari kutaka kuchagua wimbo. Kenya ina sababu ya kuogopa. Leseni iliyoiua Kamĩrĩĩthũ ilikuwa ya sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni. Aprili 2025, karibu nusu karne baadaye, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere walikataa kuigiza Echoes of War mjini Nakuru katika mazingira ya vizuizi, na polisi wakatumia gesi ya kutoza machozi dhidi ya watu waliokuja kutazama. Ukumbi uliojengwa na kaunti unaweza kuwa kizimba kizuri kuliko vyote. Kwa sababu hiyo namna ya kutoa fedha ina umuhimu sawa na kiasi chake. Ruzuku itolewe kwa miaka kadhaa mfululizo, ili isiwe chambo cha kila mwaka. Ipokewe na kamati iliyochaguliwa na wakazi, wakiwemo wazazi na vijana, na mahesabu yake yabandikwe ukumbini kwenyewe. Afisa wa kaunti akague stakabadhi. Muswada wa mchezo haumhusu. Kamĩrĩĩthũ hawakushindwa na ukosefu wa fedha, na mchezo wao uliporejea mwaka 2022 katika Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi, jukwaa la kijiji halikurejea nao.

Kalenda ya bajeti nayo haimsubiri mtu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kila kaunti hupeleka waraka wa mkakati wa fedha katika bunge lake kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni katika mikutano ya wadi. Mikutano hiyo huhudhuriwa na wanaotaka barabara na wanaotaka visima, nao huja na maombi yao yakiwa yameandikwa. Ombi la jukwaa la Konza, lenye vipimo, orodha ya vifaa na gharama ya mlinzi kwa mwaka, linatoshea katika kurasa mbili za Kiswahili sanifu, na chama cha wanafunzi wa Kiswahili chenye wanachama waliozaliwa Machakos hakihitaji idhini ya mtu kuliandika kabla ya Februari ijayo.